Kurekebisha Masikio Yaliyotokeza kwa Upasuaji

Wahenga walisema kuwa sikio halipiti kichwa. Hata hivyo, wako watoto ambao masikio yao hujitenga na kichwa kiasi kwamba wenzao shuleni huwapachika majina ya wanyama. Mtoto wa namna hiyo husikia vizuri wala hana maumivu, lakini huenda akaanza kujificha chini ya kofia, kukaa nyuma darasani na kuchukia kupigwa picha. Je, sayansi ya tiba yaweza kumsaidia? Na ikiwa yaweza, ni lini inafaa kufanya hivyo? Katika makala haya tutaeleza maumbile ya sikio la nje, asili ya kutokeza kwake, na upasuaji unaotumika kulirekebisha.

Maumbile ya Sikio la Nje

Sikio la nje limejengwa kwa gegedu, yaani mfupa laini unaoweza kupindika na kurudi katika umbo lake. Gegedu hilo limefunikwa na utando mwembamba unaolilisha, na juu ya utando huo kuna ngozi. Ni ndewe peke yake, ile sehemu ya chini inayotogwa kwa ajili ya hereni, isiyokuwa na gegedu.

Msomaji akilipapasa sikio lake ataona kwamba lina ukingo wa nje uliojikunja, na ndani ya ukingo huo kuna mkunjo wa pili unaokwenda sambamba nao. Katikati kuna shimo mfano wa bakuli, linaloelekea kwenye tundu la sikio. Umbo hili hukusanya mawimbi ya sauti na kutusaidia kutambua sauti inatoka upande gani.

Masikio hutokeza kwa sababu mbili kuu. Kwanza, ule mkunjo wa pili huenda haukujiunda vizuri tumboni mwa mama, hivyo sehemu ya juu ya sikio hubaki bapa na kutazama mbele. Pili, bakuli la katikati huenda likawa na kina kikubwa mno, likalisukuma sikio zima mbali na kichwa. Kwa watu wengine sababu zote mbili huwapo pamoja. Kwa kawaida ukingo wa sikio huwa umbali wa sentimeta 2 hivi kutoka kichwani. Ukizidi hapo sana ndipo watu huanza kuuona. Mara nyingi hali hii hurithiwa katika ukoo. Yafaa ieleweke kwamba si ugonjwa, na kuirekebisha hakumwongezei mtu uwezo wa kusikia.

Upasuaji Ulivyoanza

Mwaka 1881 Edward Talbot Ely, daktari wa New York nchini Marekani, alichapisha maelezo ya upasuaji aliomfanyia mvulana wa miaka 12 aliyekuwa akidhihakiwa na wenzake. Aliondoa kipande cha ngozi na gegedu nyuma ya kila sikio, kisha akashona. Mwaka 1910 daktari mwingine wa Marekani, William Luckett, alionyesha kwamba kiini cha tatizo ni kukosekana kwa ule mkunjo wa pili. Kwa hiyo tiba iliyo sahihi ni kuuunda mkunjo huo, si kupunguza ngozi tu.

Njia mbili zinazotumika hadi leo zilielezwa mwaka 1963. Jack Mustardé wa Scotland alionyesha namna ya kulikunja gegedu kwa nyuzi zinazoshonwa upande wa nyuma na kubaki humo daima. Naye Stenström wa Sweden alitumia njia ya kulichanja gegedu upande wa mbele. Mwaka 1968 Furnas wa Marekani alieleza jinsi ya kulivuta bakuli la sikio nyuma na kulifunga kwa nyuzi kwenye utando wa mfupa ulio nyuma ya sikio.

Msomaji aweza kuuliza: kulichanja gegedu kunawezaje kulipinda? Jibu lilipatikana katika uchunguzi wa Gibson na Davis, uliochapishwa mwaka 1958. Nyuso mbili za gegedu huvutana kwa nguvu zilizo sawa. Mfano wake ni mlingoti wa jahazi uliokazwa kwa kamba pande zote mbili: ukizikata kamba za upande mmoja, mlingoti huinamia upande wa pili. Vivyo hivyo gegedu likichanjwa usoni mwake upande wa mbele hupinda kuelekea nyuma, na mkunjo uliokosekana hutokea.

Umri Unaofaa

Katika majuma ya kwanza baada ya kuzaliwa, gegedu la mtoto bado ni laini mno kwa sababu ya homoni za mama zilizosalia mwilini mwake. Wakati huo sikio laweza kurekebishwa pasipo kisu, kwa kulishikilia na kifaa laini kwa majuma kadhaa chini ya uangalizi wa mganga. Baada ya muda huo gegedu hukaza, na kumfunga mtoto mkubwa kitambaa kichwani hakusaidii kitu.

Upasuaji kwa kawaida hungojewa hadi mtoto atimize miaka 5 au 6, maana kabla ya hapo gegedu ni dhaifu na nyuzi zaweza kulikata. Katika umri huo sikio limekwisha kukaribia ukubwa wa utu uzima, na mtoto aweza kueleza mwenyewe kama anataka kutibiwa. Jambo hili la mwisho ni la maana sana. Mtoto asiyesumbuliwa na masikio yake asipasuliwe kwa sababu tu wazazi wake wanayaonea haya.

Hatari Zake

Mtoto hupewa nusukaputi; mtu mzima aweza kuchomwa sindano ya ganzi tu. Kazi yenyewe huchukua saa moja au mbili, na kovu hufichika nyuma ya sikio. Bendeji hukaa kwa juma moja hivi, kisha mgonjwa huvaa utepe wa kichwani usiku kwa majuma kadhaa ili sikio lisikunjwe na mto.

Hata hivyo, hakuna upasuaji usio na hatari. Damu yaweza kujikusanya chini ya ngozi na kulinyima gegedu chakula chake. Kwa hiyo maumivu yanayozidi, hasa ya upande mmoja, yasingojewe hadi kesho. Mgonjwa arudishwe hospitali siku hiyo hiyo. Vijidudu vyaweza kuliingia gegedu na kuliharibu. Aidha, sikio laweza kurudi lilivyokuwa.

Kwetu sisi wenye ngozi nyeusi kuna hatari nyingine inayostahili kutajwa peke yake, nayo ni keloidi: kovu linalovimba na kukua kupita mipaka ya jeraha. Huwapata zaidi watu weusi, na sikio ni mojawapo ya mahali linapopenda kuota. Likikatwa bila tiba nyingine laweza kurudi kubwa kuliko awali. Kabla ya kukubali kisu, mzazi amtazame mtoto: je, kovu la chanjo begani limevimba? Kutogwa masikio kuliacha uvimbe? Je, kuna ndugu katika ukoo mwenye makovu ya namna hiyo? Daktari aelezwe yote hayo, kwani huenda akashauri upasuaji uachwe kabisa.

Hitimisho

Upasuaji huu, ukifanywa na mtaalamu kwa mtu anayeutaka, umewaondolea wengi huzuni ya miaka mingi. Lakini si kila sikio lililotokeza lahitaji kisu. Mwalimu anayekomesha dhihaka darasani, na mzazi anayemsikiliza mwanawe kabla ya kuamua, nao wanatibu. Ikiwa baada ya hayo mtoto bado anateseka, basi apelekwe kwa daktari, naye aulizwe kwanza.