SOMO LETU: TUKAGUE TELA LA TREKTA KABLA YA KULINUNUA



Katika mashamba ya miwa, mkonge na chai, tela la trekta linafanya kazi kila siku. Likiwa bovu, anayeumia si yule aliyetia sahihi hundi ofisini. Anayeumia ni dereva, mpakiaji, na mama anayepita kando ya njia. Kwa hiyo mwajiri anapotaka kununua tela lililokwisha tumika, kamati ya usalama ya wafanyakazi iwepo kulikagua. Nasi tunaponunua kwa fedha za ushirika wetu, tufanye vivyo hivyo.

Sisi tulikosea mara moja. Tuliona rangi mpya na bei nafuu, tukalipa. Baada ya wiki chache ubao wa sakafu ulikatika na mguu wa mwenzetu ukazama hadi pajani. Alipona, lakini msimu ule wote hakupata kazi. Mbao zilikuwa zimeoza chini ya rangi. Tangu hapo tunakagua hivi:

1. Chesesi. Ingia chini ya tela. Gonga chuma kwa nyundo. Palipoliwa na kutu hutoa sauti ya kufifia na magamba huanguka. Tazama nyufa mahali palipochomelewa. Kisha pima kwa kamba kutoka pembe hadi pembe, kwa kukingamisha, pande zote mbili. Vipimo visipolingana, chesesi imepinda.

2. Mkono wa kuvutia. Tundu la pini liwe duara. Likiwa limelika na kurefuka kama yai, pini itacheza na siku moja itachomoka. Pini iwe na kifungo chake, na uwepo mnyororo wa akiba.

3. Sakafu. Choma mbao kwa bisibisi kutoka chini. Ikizama kwa urahisi, ubao umeoza.

4. Magurudumu. Inua kwa jeki, weka vigingi imara, kisha tikisa na uzungushe kila gurudumu. Likicheza au likikwaruza, beringi imekwisha. Tairi likiwa na kashata nzuri bado laweza kuwa limezeeka. Tafuta tarakimu nne za mwisho za alama ya DOT ubavuni: 1815 maana yake ni wiki ya 18 ya mwaka 2015. Tairi lenye nyufa ubavuni likataliwe.

5. Breki na taa. Tela lililojaa likiwa zito kuliko trekta na halina breki, huisukuma trekta mteremkoni na kuipindua. Breki zijaribiwe tela likiwa na mzigo. Taa za nyuma na viakisi mwanga viwepo, maana magari mengi hugonga matela usiku.

6. Hati. Namba ya chesesi ilingane na ile ya kwenye karatasi. Ulizeni uzito unaoruhusiwa, mwuandike ubavuni mwa tela.

Gharama ya kila kasoro iandikwe na ijumlishwe kwenye bei. Mara nyingi tela la bei rahisi huonekana ghali hapo. Rahisi hugharimu.

Jambo la mwisho ni kubwa kuliko yote. Tela la mizigo si basi. Mkataba Na. 184 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa mwaka 2001, unakataza mitambo ya kilimo kubeba watu, isipokuwa imeundwa au kurekebishwa kwa kazi hiyo. Kukaa juu ya miwa au mkonge kwa sababu "tumezoea" ni kuwapa watoto wetu uyatima. Tudai usafiri wa watu kwenye meza ya majadiliano.

Maswali ya kujadiliana tawini:
- Nani alikagua matela tunayotumia sasa, na lini?
- Mwenzetu akikataa kuendesha tela bovu, tutamlindaje?

Umoja ni nguvu.