Duka Linalipa Kweli? Hesabu na Ulichokiacha

Mwenye duka anayefanyia biashara kwenye fremu yake mwenyewe husema yeye halipi kodi ya pango. Ni kweli halipi. Lakini fremu hiyo ingeweza kupangishwa, na kodi asiyoipokea inampunguzia kipato sawasawa na ile ambayo angeilipa. Wachumi huiita gharama ya fursa: thamani ya chaguo bora kuliko yote uliloliacha ulipochagua hili. Haionekani kwenye risiti wala kwenye daftari, na ndiyo maana biashara nyingi hudhaniwa zinalipa wakati mwenyewe anajifanyia kazi karibu bure.

Tuchukue duka la mfano la mama anayeuza unga, mchele, mafuta na sabuni. Mauzo ya mwezi ni shilingi 3,000,000. Bidhaa zilizouzwa alizinunua kwa 2,200,000. Umeme, usafiri na vifungashio vinakula 150,000. Anabakiwa na 650,000, na hiyo ndiyo anayoiita faida.

Sasa aorodheshe kila kitu chake kinachotumika dukani bila kulipiwa. Viko vitatu: fremu, muda wake na mtaji.

Fremu ni rahisi. Amuulize jirani au dalali fremu kama yake inapangishwa kwa kiasi gani mtaani hapo, na kama kodi hulipwa kwa miezi 6 au mwaka, aigawe kwa miezi. Tuseme ni 150,000 kwa mwezi.

Muda unahitaji uangalifu zaidi, kwa sababu hapo ndipo wengi hukosea. Tuseme angeweza kuajiriwa kama karani kwa 460,000, au kushona nguo nyumbani na kupata 300,000. Asijumlishe. Mtu hawezi kuwa ofisini na kwenye cherehani saa ileile, hivyo huchukuliwa chaguo moja tu, lile bora. Na chaguo hilo nalo lina gharama zake: kama nauli ya kwenda kazini ni 60,000, mshahara unaohesabiwa ni 400,000. Awe mkweli pia. Kazi isiyopatikana si fursa, hata kama mshahara wake unavutia. Aandike ile ambayo kweli angeipata.

Mtaji uliolala kwenye rafu ni 4,000,000. Kama angeuweka mahali salama panapolipa, tuseme, asilimia 12 kwa mwaka, angepata 480,000, yaani 40,000 kwa mwezi.

Hivi vitatu vinajumlishwa, kwa kuwa angeweza kupangisha fremu, kuajiriwa na kuwekeza vyote kwa wakati mmoja: 150,000 na 400,000 na 40,000 ni 590,000. Toa kwenye 650,000. Faida halisi ya duka ni 60,000.

Fedha alizotumia kupaka duka rangi mwaka jana zisiingie humu. Zimekwenda, na hazirudi hata akifunga duka kesho. Bidhaa na friji ambazo bado zinauzika ni jambo jingine. Hizo zina bei leo, na bei ya leo ndiyo inayohesabiwa, si ile aliyonunulia.

Wanafunzi wa uchumi hukutana na hesabu hii kwa sura nyingine: gawanya unachokiacha kwa unachokipata. Mfano maarufu ni wa David Ricardo, katika kitabu chake cha mwaka 1817. Kiasi fulani cha nguo kilihitaji kazi ya mwaka ya watu 100 Uingereza na 90 Ureno. Kiasi fulani cha mvinyo kilihitaji watu 120 Uingereza na 80 Ureno. Ureno ilikuwa hodari kwa vyote viwili. Lakini kipimo kimoja cha mvinyo kiliigharimu Ureno 80 kwa 90, karibu kipimo 0.89 cha nguo, na Uingereza 120 kwa 100, yaani 1.2. Hapo ndipo Ricardo alipoonyesha kwamba kila nchi ingefaidika Ureno ikitengeneza mvinyo na Uingereza ikifuma nguo, kisha zikabadilishana. Mwanafunzi akichanganya cha juu na cha chini, jibu lote linageuka. Namba zikiwa za kiasi cha bidhaa, kinachoachwa kinakaa juu; zikiwa za kazi inayohitajika, kama hizi za Ricardo, kazi ya kinachopatikana ndiyo inayokaa juu.

Turudi dukani. Hesabu hii haifanywi mara moja ikafungiwa kabatini. Barabara ya lami ikipita mtaani na kodi ya fremu ikapanda hadi 250,000, gharama ya fursa inakuwa 690,000, na duka lilelile, lenye wateja walewale, linapungukiwa na 40,000 kila mwezi. Hilo halimaanishi lazima afunge. Pengine anathamini kuwa karibu na watoto, au kutokuwa chini ya bosi. Basi ajiulize waziwazi: ningekubali kutoa 40,000 mfukoni kila mwezi ili niyapate hayo? Akijibu ndiyo, aendelee na duka. Akijibu hapana, aanze kumtafuta mpangaji.