Usiku Tisa wa Garba: Kutoka Eringeti hadi Hekalu la Kampala

Mkazi wa Eringeti, Kivu Kaskazini, anayetaka kuwaona Wahindi wakicheza ngoma ya ibada hana haja ya viza ya India. Hekalu la kumfaa liko Kampala, karibu na kelele za maegesho ya teksi: ni la Sanatan Dharma, lenye kuba na nguzo za mawe yaliyochongwa. Kila mwaka, kati ya Septemba na Oktoba, Wahindu wa mji huo huadhimisha usiku tisa wa Navaratri kwa kumchezea mungu wa kike Durga. Ngoma yenyewe haina shida. Shida ni kufika.

Kipande cha kwanza ndicho kibaya kuliko vyote. Kilomita kama 60 za Barabara ya Taifa namba 4, kati ya Eringeti na Beni, zimeona damu nyingi tangu mauaji yaliyoanza Oktoba 2014, na wapiganaji wa ADF bado huvizia humo. Msafiri aondoke mchana, tena baada ya kuwauliza madereva wa malori ya kakao habari za asubuhi ile ile. Wakisema kesho, iwe kesho. Aliyekosa usiku wa kwanza wa Navaratri bado anao nane.

Kutoka Beni hadi Kasindi ni kilomita 80 hivi, na mpakani ndipo mfuko unapoanza kuvuja. Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na tangu Januari 2024 ada ya viza kati yake na Uganda imeondolewa. Kwenye karatasi, basi, kuvuka ni bure. Lakini meza za ukaguzi ni nyingi kuliko mihuri inayohitajika, na mtu asiyekuwa na haraka ndiye anayelipa kidogo. Dawa ni moja: kila anayeombwa pesa aombe risiti, kwa upole, kisha anyamaze. Kadi ya homa ya manjano iwe mkononi, kwa maana kuikosa ni kuwafungulia watu mlango wa biashara. Vijana wanaojitolea kuipeleka pasipoti dirishani washukuriwe tu. Hati iliyowahi kufikia bei ya dola 185 haikabidhiwi mtu asiyejulikana. Msafiri Mnande ana nafuu yake. Ng'ambo, Bwera, wenyeji ni Wakonzo, na Kinande chake kinasikika vizuri kwa wasemaji wa Lhukonzo. Salamu ya kwao hushusha bei upesi kuliko Kifaransa.

Saa nayo hudanganya watu. Saa 2 asubuhi ya Beni ni saa 3 ya Kampala, na basi la Uganda halimsubiri mtu aliyesahau kusogeza mshale. Halafu magari ng'ambo hupita kushoto, kwa hiyo anayeshuka asitazame upande aliouzoea.

Kuhusu dola: noti iliyochanika hata ukucha mmoja haina maana pande zote mbili za mpaka, na Kampala noti ndogo hubadilishwa kwa kiwango cha chini kuliko ile ya 100. Msafiri abadilishe chache tu mpakani, za nauli na chakula, nyingine azipeleke mjini.

Basi likipita Mbarara na Masaka, litafika Kayabwe, kwenye duara la ikweta ambalo kila mgeni hulipiga picha. Hapo kuna watu wenye mabeseni wanaoonyesha, kwa malipo, maji yakizunguka upande huu kaskazini na upande ule kusini. Ni kiini macho. Mzunguko wa dunia hauna nguvu ya kugeuza maji ya beseni. Mkono wa anayemimina ndio unaoyageuza. Isitoshe, Butembo iko kaskazini kidogo ya ikweta na Lubero kusini kidogo, hivyo mfanyabiashara wa Kivu Kaskazini huivuka mara kwa mara bila kudaiwa hata franka.

Sasa hekaluni. Viatu huachwa nje, mabega na magoti hufunikwa, nyama na pombe havivuki lango, na chakula kilichobarikiwa hupokelewa kwa mkono wa kulia. Mahali hapa pana kumbukumbu chungu: Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 waondoke, na mahekalu yakabaki bila waumini wake. Wanaocheza leo ni watoto na wajukuu wa waliorudi, pamoja na wageni wapya kutoka Gujarat.

Ngoma yao ni garba. Watu huzunguka taa au sanamu ya mungu, wakiinama na kupiga makofi, polepole kwanza, halafu kasi inapanda mpaka waliochoka wanatoka nje ya mduara wenyewe. UNESCO iliiingiza kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika Desemba 2023, katika mkutano uliofanyika Kasane, Botswana, miaka miwili baada ya rumba ya Kongo. Wajuzi watalalamika kwamba hii ni ngoma ya kijijini, haifikii bharatanatyam, ngoma ya jadi ya jukwaani ya India, yenye jicho na kidole kilichofunzwa miaka mingi. Ni kweli. Anayeitaka hiyo aende Khajuraho mwezi Februari, kwenye tamasha lililoanza 1975, au Chidambaram, kwa Nataraja, yaani Shiva anayecheza; yote miwili ni miji ya India. Lakini huko atakaa kitini atazame. Kampala, ikifika zamu ya vijiti vya dandiya, mgeni asiyejua hatua hata moja huvutwa mkono, na hilo linashinda jukwaa lolote.

Tarehe hufuata mwezi: 2024 sherehe zilianza Oktoba 3, 2025 Septemba 22. Msafiri achague usiku wa katikati ya wiki, kwani Jumamosi mtu huona migongo tu. Aulize hekaluni mapema, maana baadhi ya ngoma huchezwa kwenye kumbi za jumuiya zenye kiingilio. Na apange chumba karibu. Ngoma huweza kufika usiku wa manane, na boda inayosubiri langoni saa hizo hutaja bei kwa kuangalia viatu vya abiria. Apatane nayo kabla hajapanda, au aite ya simu, ambayo bei yake huonekana mapema.