Msumeno wa Mashine Utoapo Moshi

Msumeno wa mashine ukitoa moshi baada ya kazi nzito, uzimeni upoe, mkikumbuka moshi ulianzia wapi. Ikiwa ni penye mnyororo, yaelekea mafuta ya mnyororo yamekwisha, au tundu lake limezibwa na unga wa mbao, au meno ni butu. Meno makali hutoa vipande. Meno butu hutoa unga. Yanoeni kwa tupa. Ikiwa ni moshi wa buluu katika bomba la injini, huenda oili imezidi katika petroli. Injini nyingi hutaka oili mililita 100 kwa petroli lita 5. Fuateni kitabu cha mashine. Lakini twawaonya: mtu asiache kutia oili ili moshi ukome, maana pistoni itakwama na injini itakufa.