Cherehani ya Mama na Mahakama ya Madai Madogo

Wanafunzi wenzangu, nadhani hakuna kati yetu asiyepata kuona maneno haya yamebandikwa ukutani dukani: "Mali ikishauzwa hairudishwi." Mimi niliyaamini kabisa mpaka mwaka jana, yaliponipata mambo ninayotaka kuwaeleza.

Mama yangu ni mshonaji, na karo yangu hutoka katika sare anazoshona. Likizo ya Aprili alinunua cherehani kwa shilingi 18,500, akaambiwa ni mpya. Haikutimiza wiki tatu, ikaanza kuruka mishono na kukata uzi. Fundi alipoifungua alikuta meno ya gurudumu moja yamelika, na chini ya rangi mpya mna rangi ya kale. Tukairudisha dukani. Mwenye duka hakuigusa. Alinyosha kidole ukutani akasema, "Mama, kusoma hujui?" Mama akanyamaza. Nami niliona haya sana, kwa kuwa mimi ndiye niliyepelekwa shule, na jibu sikuwa nalo.

Shule ilipofunguliwa nilimwuliza mwalimu wetu, naye akanifunza mambo mawili.

La kwanza ni hili. Ibara ya 46 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inampa mnunuzi haki ya kupata bidhaa zenye ubora unaofaa, na kulipwa fidia akipata hasara kwa ubovu wake. Tena Sheria ya Kuwalinda Watumiaji ya mwaka 2012 humhesabu muuzaji kuwa ameahidi kwamba mali yake inafaa, hata asipotamka neno. Na maneno ya kuiondoa ahadi hiyo ni bure. Basi lile tangazo la ukutani laweza kumzuia mtu aliyebadili nia tu, lakini haliwezi kuhalalisha mali mbovu.

La pili, iko mahakama kwa ajili ya watu kama sisi, nayo huitwa Mahakama ya Madai Madogo. Sheria yake ilitungwa mwaka 2016, na ya kwanza ilifunguliwa Milimani, Nairobi, mwezi wa Aprili 2021. Nyingine zikafuata katika miji mingine. Hapo kwanza sheria iliweka kikomo cha shilingi 200,000, na mwaka 2020 kikapandishwa kuwa shilingi 1,000,000. Husikiliza madai ya mali iliyouzwa, kazi iliyolipiwa, mali iliyoharibiwa na mengine ya namna hiyo. Mashauri ya kugombea ardhi, ya kazi ya kuajiriwa na ya kashfa hayapelekwi huko. Mdai aweza kusema mwenyewe bila wakili, tena kwa Kiswahili, na shauri lapasa kumalizika katika siku 60.

Hata hivyo hatukukimbilia mahakamani. Kwanza tulimwandikia mwenye duka barua ya heshima, tukamwomba arudishe fedha katika siku 14, na nakala tukaiweka. Hakujibu. Ndipo Mama alipojaza fomu ya madai na kulipa ada.

Hapo tuligundua kosa letu. Stakabadhi yetu iliandikwa "cherehani 1" tu. Neno "mpya" halikuwamo. Usiku ule sikulala vizuri. Lakini Mama alikuwa hajafuta ujumbe wa simu ambao mwenye duka alimwandikia kwamba cherehani mpya zimefika. Mahakama hii haifungwi na masharti makali ya ushahidi, na ujumbe ule ukapokewa.

Siku ya kusikilizwa, katika likizo ya Agosti, Mama alisimama akasema mwenyewe. Mwenye duka alidai kwamba Mama aliiharibu mashine kwa kushona turubai. Mwamuzi hakumkatiza. Kisha akaomba kuliona gurudumu, akaisoma barua ya fundi, akauliza kama wawili hao wangeweza kupatana. Walipatana: cherehani irudi dukani, na shilingi 18,500 zilipwe kwa mara mbili. Mapatano yakaandikwa kuwa amri ya mahakama. Fedha za mara ya pili zilichelewa siku tisa, lakini zilikuja.

Basi, wenzangu, mkinunua kitu dai stakabadhi, na hakikisheni imetaja kitu chenyewe, kama ni kipya au kimekwisha tumika, na bei yake. Tunzeni ujumbe wa simu. Kikiharibika, semeni kwanza kwa adabu, kisha andikeni barua. Mahakama iwe ya mwisho. Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Siku hizi Mama hudai stakabadhi hata ya uzi. Nikiwa naye hunipa niisome kwa sauti, mbele ya mwenye duka, kabla hatujatoka.