SOMO: UENDESHAJI WA FENI ZA KUTOLEA HEWA KATIKA MAEGESHO YA MAGARI YALIYOFUNGWA

Wenye majengo, wasimamizi wa maegesho ya magari na mafundi wa umeme wanakumbushwa kuwa feni zilizofungwa katika maegesho ya chini ya ardhi si pambo la jengo, wala si mzigo wa kupunguzwa kila bili ya umeme inapopanda. Feni hizo ndizo zinazomwezesha mtu kuingia huko na kutoka salama. Somo hili linaeleza namna zinavyopasa kuendeshwa ili hewa iwe safi na umeme usipotee bure, mambo mawili ambayo wengi hudhani hayawezi kwenda pamoja.

Kwanza ifahamike ni maegesho gani yanayohusika. Gari zikiwekwa uwanjani, au katika ghorofa ambayo kuta zake ziko wazi, upepo hufanya kazi yote. Mwongozo wa kanuni za ujenzi wa Uingereza, ambao ndio uliochukuliwa kuwa mfano katika somo hili, unakubali maegesho yategemee upepo peke yake iwapo jumla ya nafasi zilizo wazi katika kila ghorofa haipungui sehemu moja ya ishirini ya eneo la sakafu, na angalau robo ya nafasi hizo iko katika kila mojawapo ya kuta mbili zinazotazamana. Pasipofikiwa kiwango hicho, mashine ndiyo hushika kazi ya upepo. Maegesho ya aina hiyo yapo chini ya majengo marefu ya Dar es Salaam na Nairobi, na kila mahali ambako ardhi ni haba mjenzi hulazimika kuchimba chini.

Hatari kuu iliyomo humo ni gesi ya kaboni monoksaidi, itokanayo na petroli isiyoungua sawasawa. Gesi hii haina rangi wala harufu. Mtu husikia harufu ya moshi akadhani hiyo ndiyo hatari, na harufu ikitoweka huamini kuwa amesalimika, kumbe hatari yenyewe haisikiki puani. Ikishaingia mapafuni hushikamana na himoglobini ya damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200, na damu ikashindwa kupeleka oksijeni mwilini. Dalili zake za mwanzo ni kuumwa na kichwa, kizunguzungu na kichefuchefu, na mara nyingi hudhaniwa kuwa ni uchovu au njaa. Gari za dizeli hutoa kiasi kidogo zaidi cha gesi hiyo, lakini hutoa naitrojeni dayoksaidi inayochoma kifua. Hivyo panapoegeshwa gari nyingi za dizeli yafaa gesi zote mbili zipimwe.

Mwongozo uliotajwa unaweka mipaka miwili. Wastani wa kaboni monoksaidi katika muda wa saa 8 usizidi sehemu 30 katika kila sehemu milioni moja za hewa. Na pale inapopanda ghafla, kama vile kwenye njia za kutokea, isivuke sehemu 90 kwa muda unaozidi dakika 15. Mipaka hii ina watu wake. Wa pili unamhusu dereva, ambaye hukaa humo kwa dakika chache tu akaenda zake. Wa kwanza unamhusu mlinzi, mwosha magari na mkata tiketi aliye kibandani, ambaye huivuta hewa hiyo zamu nzima, siku sita za wiki. Msimamizi anayezima feni kwa kuwa wateja hawalalamiki amemsahau mtu huyo. Mteja hana sababu ya kulalamika, hakai.

Kwa upande wa mashine, kawaida ni kuweka feni zenye uwezo wa kubadilisha hewa yote ya maegesho mara 6 kwa saa, na pale gari zinapopanga foleni zikiwa zimewashwa, mara 10 kwa saa. Ikichukuliwa sakafu yenye urefu wa mita 60, upana wa mita 30 na kimo cha mita 2.5, hewa iliyomo ni mita za ujazo 4,500. Mara 6 kwa saa ni mita za ujazo 27,000, yaani 7.5 kwa kila sekunde. Feni hazihitajiki kwa nguvu hiyo mchana kutwa na usiku kucha. Swali ni nani atakayeziamuru zipungue.

Wengi huiachia saa. Feni huwekewa muda, zikawaka asubuhi watu wanapoingia kazini na tena alasiri wanapotoka. Utaratibu huu una kasoro mbili. Ya kwanza ni kuwa saa haijui kalenda. Katika mwezi wa Ramadhani watu hutoka kazini mapema na huenda madukani baada ya tarawehe; na usiku wa kuamkia Idi maegesho ya maduka huweza kujaa pomoni wakati feni zimekwishalala tangu magharibi. Ya pili haionekani kwa urahisi. Idadi ya gari za asubuhi ni ile ile ya alasiri, lakini moshi wake si mmoja. Gari inayoingia asubuhi imekwenda mwendo, injini yake ni ya moto, na kifaa cha kusafishia moshi kilichomo katika bomba la ekzosi kimekwishapata joto la kufanya kazi. Gari inayotoka imelala saa nane: injini imepoa, petroli huingia kwa wingi, na kile kifaa hakisafishi kitu mpaka kipate joto. Kisha gari hiyo husimama mlangoni kusubiri kizuizi kiinuliwe. Foleni ya gari kumi zilizopoa huchafua hewa kuliko gari nyingi zaidi zilizoingia asubuhi, na saa haikuliona hilo.

Kwa hiyo inafaa feni ziamriwe na vipima gesi. Kiwango kinapokuwa chini, feni huenda polepole. Kinapopanda, mwendo nao hupanda, kabla mpaka wa 30 haujafikiwa. Hapa ndipo umeme unapookolewa. Feni ikipunguzwa mwendo kwa nusu, hewa inayotoka hupungua kwa nusu, lakini umeme unaotumika hushuka hadi kiasi cha sehemu moja ya nane. Ikiwa feni za sakafu iliyotajwa hapo juu hutumia kilowati 8 kwa mwendo kamili, kuziendesha hivyo kwa saa 24 ni uniti 192. Zikienda kwa mwendo kamili saa 4 na kwa nusu mwendo saa 20, jumla ni uniti 52. Mota na kifaa cha kubadilishia mwendo hupoteza kiasi kidogo, hivyo hesabu ya kweli itazidi hapo, lakini si kwa wingi. Anayetafuta nafuu ya bili hana haja ya kuzima feni. Apunguze mwendo.

Kipima gesi nacho hudanganya kikiwekwa vibaya. Mahali pake ni kimo cha pua ya mtu, yapata mita 1.5 kutoka sakafuni, mbali na tundu linaloingiza hewa safi, kwani hapo kitasoma sifuri siku zote. Pembe za nyuma na nafasi zilizozingirwa na boriti nene ndizo zinazotuama hewa, na ndizo zisizokumbukwa. Aidha vipima hivi huchakaa. Dawa iliyomo ndani yake hudhoofika kwa miaka, na kipima kilichokufa huonesha hewa safi. Ni lazima kijaribiwe mara kwa mara kwa gesi yenye kiwango kinachojulikana. Mitambo iungwe kwa namna ambayo kipima kikiharibika au waya ukikatika, feni hukimbilia mwendo kamili na kengele hulia. Fundi aliyeunga kinyume chake, feni zikasimama pale kipima kinaponyamaza, ameandaa msiba.

Hewa inayotolewa iwe nyingi kidogo kuliko inayoingizwa, ili moshi usipande kwa ngazi na lifti hadi maofisini. Tundu la kutolea nje lisielekee madirisha ya watu.

Moto ni shughuli nyingine. Mwongozo huo huo unataka feni ziweze kubadilisha hewa mara 10 kwa saa, zistahimili joto la nyuzi 300 za Selsiasi kwa muda wa saa moja, na zigawanywe sehemu mbili ili moja ikifa nyingine itoe nusu ya moshi. Hapo amri ya vipima gesi hukoma, na swichi ya zimamoto hushika mamlaka. Feni za msukumo zinazoning'inizwa darini kwa kawaida hucheleweshwa kidogo, zisije zikawasukumia moshi watu ambao bado wanakimbilia milango. Ndiyo sababu hata pale gari za umeme zitakapokuwa nyingi, na vipima vikasoma sifuri kwa haki, feni hazitang'olewa.

Umeme wa mjini ukikatika, feni ziwe miongoni mwa vitu vinavyobebwa na jenereta. Jenereta ikishindwa, mlango wa kuingilia ufungwe, kizuizi cha kutokea kiachwe wazi ili foleni isitokee, na mkata tiketi ahamishiwe juu mpaka feni zirudi. Saa ya kuzimika na saa ya kurudi ziandikwe katika daftari, pamoja na jina la aliyekuwa zamu.