KUFUNDISHA KUSOMA ALAMA ZA NYAYA ZA UMEME

Watoto wengi wa madarasa ya juu ya shule ya msingi huweza kueleza kwamba shaba hupitisha umeme na plastiki huuzuia. Lakini uwapapo kipande cha waya wa nyumba na kuwauliza maana ya maandishi yaliyopigwa chapa juu ya plastiki hiyo, hunyamaza. Somo la vipitishio na vihami aghalabu huishia ubaoni, ilhali maandishi hayo madogo ndiyo yanayomweleza mnunuzi kama waya huo utaistahimili kazi atakayoupa au utamuunguzia nyumba. Makala haya yanaeleza alama zenyewe kwanza, kisha njia ya kuzifundisha kwa vipindi viwili.

Vifaa havina gharama. Fundi umeme yeyote hubakiwa na vipande baada ya kazi, naye hatakunyima. Chagua vipande visivyozidi nusu mita. Usilete darasani waya wenye plagi, hata kama ni mbovu, kwa sababu yuko mtoto atakayetaka kuijaribu. Waambie wanafunzi waziwazi kwamba alama husomwa juu ya vipande vya mezani tu, wala si juu ya waya uliokwisha kufungwa ukutani. Kazi ya kumenya plastiki uifanye mwenyewe kabla ya kipindi.

Tuanze na volti, maana hapo ndipo wanafunzi hupotea. Juu ya waya mwingi wa nyumba utaona 450/750 V. Mwanafunzi atakuambia kwamba waya huo unaleta volti 750. Sivyo. Waya hauleti volti, unazistahimili. Namba ya kwanza ni kiasi ambacho kihami kimetengenezwa kukizuia kati ya shaba na ardhi, na ya pili ni kati ya waya na waya. Katika nyumba za Tanzania umeme ni wa volti 230 kati ya waya wa moto na ardhi, na volti 400 kati ya waya wa moto mmoja na mwingine katika umeme wa njia tatu. Linganisha: 450 ni zaidi ya 230, na 750 ni zaidi ya 400. Kihami kina akiba. Mfano wa gunia hufaa hapa: gunia lililoandikwa kilo 100 halina kilo 100 ndani yake mpaka mtu alijaze.

Baadhi ya nyaya hubeba pia maandishi kama H07V-U. Huu ni mtindo uliokubaliwa na nchi za Ulaya, na nyaya za namna hiyo huuzwa katika nchi nyingi. H huonyesha kwamba waya unafuata mapatano hayo. 07 ni volti 450/750, 05 ni 300/500, na 03 ni 300/300. V ni plastiki ya PVC. Na herufi ya mwisho hueleza shaba ilivyo. U ni uzi mmoja mgumu, R ni nyuzi kadhaa zilizosokotwa, K ni nyuzi nyembamba za waya laini wa kufungwa mahali pamoja, na F ni waya laini wa vyombo vinavyohamishwa, kama vile pasi. Hatari ipo katika herufi hiyo ya mwisho. Ule waya pacha mwembamba wa taa ya mezani, wenye 03 mwanzoni, mara nyingi huonekana umepigiliwa misumari ukutani kutoka chumba hadi chumba. Haukutengenezwa kwa kazi hiyo, na msumari ukishatoboa plastiki yake hakuna namba itakayosaidia.

PVC ya kawaida imekusudiwa shaba isiyozidi joto la digrii 70 za Sentigredi. Ikizidishiwa joto kwa muda mrefu hukauka, hupasuka, na shaba hubaki wazi. Joto lenyewe hutoka katika mkondo: mkondo ukiongezeka mara mbili, joto linalozaliwa katika waya ule ule huongezeka mara nne. Wape wanafunzi hesabu. Birika la wati 2000, jiko la wati 1500 na pasi ya wati 1000 vikiwashwa pamoja kutoka soketi moja ni wati 4500. Gawanya kwa 230, utapata takriban ampia 19.6. Taa ya wati 60 huhitaji takriban ampia 0.26 tu. Hapo wataelewa wenyewe kwa nini waya wa taa haufai kwa jiko.

Hivyo tunafika kwenye unene, ambao huandikwa kwa milimita za mraba: 1.5, 2.5, 4, 6. Namba hii ni eneo la mkato wa shaba peke yake, bila plastiki. Muuzaji mdanganyifu huweza kuinenepesha plastiki na kuipunguza shaba, na waya ukaonekana mnono. Kwa hiyo kipindi cha pili kiwe cha kupima, na hiki ndicho kipindi ninachokipenda zaidi, kwa kuwa Sayansi na Hisabati hukutana humo bila kulazimishwa.

Chukua waya wa uzi mmoja uliomenywa, ulioandikwa 2.5. Mwanafunzi auzungushe mara 10 juu ya penseli, mizunguko igusane, kisha apime upana wa mizunguko yote kwa rula. Akipata milimita 18, kipenyo ni milimita 1.8. Eneo ni 0.785 mara 1.8 mara 1.8, yaani takriban 2.54. Waya ni wa kweli. Akipata milimita 15, eneo ni takriban 1.77 tu, na hapo pana jambo la kuuliza dukani. Usidai majibu yalingane kabisa. Kosa la milimita moja tu ya rula hushusha jibu hadi 2.27 au kulipandisha hadi 2.83, na shaba ngumu hupenda kuachana. Atakayezungusha mara 20 atakaribia ukweli zaidi. Isitoshe, viwango vya kimataifa huhukumu waya kwa ukinzani wake: shaba ya 2.5 isizidi omu 7.41 kwa kilomita moja katika joto la digrii 20. Kipimo cha penseli kinafichua udanganyifu mkubwa, lakini hakichukui nafasi ya maabara ya Shirika la Viwango Tanzania, lililoanzishwa mwaka 1975. Waonyeshe wanafunzi alama ya shirika hilo.

Kwa waya wa nyuzi saba, pima uzi mmoja na uzidishe eneo lake kwa 7. Nyuzi saba za kipenyo cha milimita 0.67 hutoa takriban 2.47. Katika majengo ya zamani fundi huweza kukuonyesha waya wa 7/.029, maana yake ni nyuzi saba, kila moja kipenyo cha inchi 0.029.

Rangi zahitaji uangalifu. Kwa desturi ya zamani ya Uingereza, iliyoenea Afrika Mashariki, nyekundu ilikuwa waya wa moto, nyeusi nyutro, na kijani ardhi. Uingereza iliruhusu rangi mpya za nyaya za majengo mwaka 2004 na kuzilazimisha mwaka 2006: kahawia kwa moto, buluu kwa nyutro, kijani na njano kwa ardhi. Lakini buluu katika umeme wa njia tatu wa zamani ilikuwa waya wa moto, na nyeusi katika mpango mpya ni waya wa moto pia! Nyumba iliyoongezwa chumba baadaye yaweza kuwa na rangi zote mbili. Kwa sababu hiyo usiwakaririshe wanafunzi kwamba nyeusi ni salama. Waambie kwamba rangi humwongoza fundi, naye bado hupima kabla ya kugusa.

Kwa zoezi la mwisho, andika ubaoni H05VV-F 3G1.5 na uwaache wajadiliane kwa vikundi. Kikundi kitakachoeleza kwamba ni waya laini wa volti 300/500, wenye PVC juu ya PVC, nyaya tatu ndani yake, mmoja wao ukiwa wa ardhi, kila mmoja wa milimita 1.5 za mraba, kipewe swali la pili: je, ufungwe ndani ya ukuta au kwenye birika?